Dakika Tatu za Jukwaani: Ninavyochambua Jukwaa, Maleba na Lugha katika Eurovision

Mei 2011 Stella Mwangi alipanda jukwaani Düsseldorf akiiwakilisha Norwei, akaimba "Haba Haba". Nilikuwa mbele ya runinga na gauni la mtu mapajani, napinda pindo. Kiswahili kiliposikika niliiacha sindano imechomekwa nusu. Ilikuwa mara ya kwanza lugha yetu kuimbwa katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya lililoanza mwaka 1956 Lugano, Uswisi, na nchi saba tu. Watu ukumbini walikuwa wanaruka. Mimi nilisikia methali niliyofundishwa utotoni. Wao walisikia nini?

Norwei haikuvuka nusu fainali ile, lakini swali langu lilibaki. Tangu hapo nina daftari la Eurovision. Kazi yangu ni kushona maleba ya tamthilia, kwa hiyo miaka ya mwanzo niliandika habari za nguo tu: kitambaa, mshono, rangi. Baadaye nikaona kwamba nusu ya niliyoyaandika hayakuwa na maana, kwa sababu sikuwa nimeandika nguo ile ilisimama wapi, chini ya taa gani, na mvaaji alikuwa anatamka neno gani wakati huo. Onyesho lina ndimi tatu: jukwaa, maleba na lugha ya wimbo. Mchambuzi anasikiliza kama ndimi hizo zinasema jambo moja au zinabishana, kisha anaitafuta sekunde ambayo zinakutana. Aliyewahi kuchambua shairi kwa fani na maudhui ameshajua nusu ya njia.

Zijue kanuni kwanza

Bila kanuni huwezi kujua kipi ni uamuzi wa msanii na kipi ni sharti alilopewa. Wimbo hauzidi dakika tatu. Jukwaani hawazidi watu sita. Mwimbaji mkuu anaimba papo hapo, ila muziki wa ala unatoka kwenye rekodi, na tangu 2021 hata sauti za waitikiaji zinaruhusiwa kurekodiwa. Kati ya wimbo na wimbo mafundi wana chini ya dakika moja ya kuondoa vifaa na kuleta vingine, huku walioko nyumbani wakionyeshwa filamu fupi.

Tazama kanuni hizo zinavyobadilisha macho yako. Gitaa unaloliona mkononi mwa mpigaji halitoi sauti unayoisikia. Basi gitaa ni sehemu ya maleba, na lina haki ya kuulizwa maswali yaleyale unayoiuliza kofia. Duncan Laurence wa Uholanzi, aliyeshinda Tel Aviv mwaka 2019, aliketi kwenye piano akiwa peke yake. Piano ile inamfunga mahali pamoja, inaipa mikono yake kazi, na inailazimisha kamera imfuate yeye. Kiti cha piano kimefanya kazi ya ukumbi mzima wa wacheza dansi.

Hesabu ya watu nayo ni lugha. Anayeruhusiwa sita akaja mmoja, ameziacha nafasi tano wazi kwa makusudi. Loreen wa Uswidi, Baku 2012, alicheza pekupeku katika giza karibu wimbo wote, na mchezaji mmoja tu akatokea mwishoni. Kutokea kule kuna uzito kwa sababu tulikuwa tumeshazoea upweke wake. Angekuja na watu wanne tangu mwanzo, mtu wa sita asingeonekana.

Tazama mara nne

Mara ya kwanza usishike kalamu. Tazama kama mtu yeyote, kisha funga kifaa na uandike sentensi moja tu: nini kimebaki? Mara nyingi kinachobaki ni kitu kimoja, rangi au mkono ulioinuliwa au neno. Sentensi hiyo itunze. Uchambuzi wako wote utakuwa jibu la swali la kwa nini kilibaki hicho.

Mara ya pili zima sauti kabisa. Bila muziki utaona mambo yaliyofichwa na mdundo: mwimbaji anatembea hatua ngapi, nani anamtazama nani, taa zinabadilika mara ngapi. Onyesho lenye mpangilio mzuri linaeleweka hata likiwa bubu. Utajua ni ugomvi, maombi au sherehe. Usipojua, andika hivyo.

Mara ya tatu ipe runinga mgongo. Sikiliza pumzi. Mtu anayeimba papo hapo huku anapanda ngazi pumzi yake itakwambia ngazi ilikuwa ndefu kiasi gani. Sikiliza pia konsonanti: zipi zinagongwa, zipi zinamezwa, na kibwagizo kina irabu gani. Irabu pana kama "a" zinabebwa na ukumbi mzima kwa urahisi hata kama hawajui lugha.

Mara ya nne ndiyo ya kazi. Chora jedwali, simamisha picha kila baada ya sekunde kumi. Dakika tatu zitakupa mistari kumi na minane. Safu zangu ni hizi: sekunde, kamera, mwili, nguo, taa, neno. Halafu kuna safu ya mwisho, pembeni, yenye kichwa "nadhani". Safu hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu. Zamani niliandika "anaonekana mpweke" katikati ya jedwali. Sasa naandika "yuko peke yake, kamera iko mbali, taa moja kutoka juu, mikono imelala ubavuni", na upweke nauweka kule kwenye "nadhani". Mwingine akitazama onyesho lilelile anaweza kupinga ninachodhani, lakini hawezi kupinga kwamba taa ilikuwa moja.

Jukwaa, na kamera ambayo nayo ni jukwaa

Aliye ukumbini anaona jukwaa lote. Wewe wa nyumbani unaona kile tu ambacho kamera imepangiwa kukuonyesha, na imepangiwa kwelikweli: kila mkato umeamuliwa na kufanyiwa mazoezi kabla ya usiku wa shindano. Kwa hiyo ukiandika juu ya jukwaa bila kutaja kamera, umeacha nusu ya jambo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Barbara Pravi wa Ufaransa, Rotterdam 2021, na wimbo "Voilà" uliopata nafasi ya pili. Yuko peke yake, amevaa nyeusi, hakuna kifaa wala mchezaji. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke anayeomba asikilizwe na atazamwe alivyo. Sasa angalia kamera: inamkaribia, inamzunguka, inakaa naye usoni muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya shindano hili lenye mikato ya haraka. Kamera imetii ombi la maneno. Nguo nyeusi inazama katika giza la jukwaa na kuacha uso na mikono tu, kwa hiyo hata ukitaka kutazama kingine, hakipo. Ndimi tatu zimekubaliana kabisa, na mchambuzi anaweza kuonyesha makubaliano hayo mstari kwa mstari katika jedwali lake.

Linganisha na Loreen aliporudi Liverpool mwaka 2023 na "Tattoo". Mara hii alibanwa kati ya mabamba mawili makubwa ya skrini, moja chini yake na jingine juu, na nafasi ya kusimama inapanuka kadiri wimbo unavyokua. Hapo swali la kuuliza ni la urefu: nani ana nafasi juu ya kichwa chake, na tangu lini? Nemo wa Uswisi, Malmö 2024, alisawazisha mwili juu ya sahani kubwa inayoinama na kuzunguka, akiimba habari za kujitafuta nje ya makundi mawili ya mwanamume na mwanamke. Sahani ile haina upande ulio salama. Sihitaji kuambiwa na mtu kwamba ni ishara. Ninamwona anatafuta mizani kwa miguu yake mwenyewe.

Skrini za nyuma zichunguze kwa ukali kidogo. Ikiwa wimbo unataja moto na nyuma unawaka moto, skrini imerudia tu kile sikio lilichokwisha kupata. Skrini inayofaa inaongeza jambo ambalo maneno hayakulisema, au inaingia ndani ya mchezo. Måns Zelmerlöw wa Uswidi, Vienna 2015, alicheza na kikatuni kilichochorwa kwa nuru nyuma yake, na kazi ilikuwa kuuweka mkono wake mahali hasa ambapo kikatuni kitaugusa. Ukitaka kuona wasanii wakikosa tegemeo hilo, tafuta maonyesho ya Lisbon 2018, ambako jukwaa lilijengwa bila skrini hizo kubwa. Mwaka ule nchi zilirudi kwenye vifaa, taa na miili, na kwa anayejifunza ni mwaka mzuri wa kuanzia.

Maleba

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea vibaya. Niliwahi kumshonea mhusika mkuu wa tamthilia gauni la buluu ya bahari, satini yenye bitana nzuri, mikono mirefu, kazi ya wiki mbili. Siku ya onyesho pazia la nyuma lilikuwa jeusi lakini fundi wa taa aliliogesha kwa buluu. Gauni likatoweka. Mhusika akawa kichwa na viganja vinavyoelea. Nilisimama nyuma ya watazamaji huku mikono ikinitetemeka. Tangu siku hiyo siamini rangi ya nguo mpaka niione chini ya taa yake, na katika uchambuzi siandiki "gauni la buluu" bila kuandika taa ilikuwa rangi gani.

Vitambaa vina tabia zake mbele ya kamera. Satini inarudisha taa, kwa hiyo kila mkunjo unaonekana na mwili unasomeka hata kwa mbali. Nyeusi isiyong'aa inakula mshono wote. Huoni tena ushonaji, unaona umbo tu. Nyeupe tupu chini ya taa kali inawaka hadi uso wa mvaaji unaonekana mweusi kuliko ulivyo, na ndiyo maana washonaji wengi hukimbilia rangi ya maziwa au ya pembe za ndovu. Vipande vinavyometameta huikamata taa kila mwili unapogeuka, hivyo nguo hiyo inadai mvaaji atembee. Akisimama tuli, imekufa. Shifoni inahitaji upepo. Ukiona shifoni, tafuta feni.

Baada ya kitambaa, uliza nguo inabadilika au haibadiliki. Mwaka 1981 kule Dublin kundi la Bucks Fizz la Uingereza liliishinda Ujerumani kwa pointi nne, na kinachokumbukwa ni wavulana kuzichomoa sketi ndefu za wasichana zikabaki fupi. Wengi huishia hapo, kana kwamba ni kituko tu. Fungua jedwali lako: sketi zilichomolewa wakati maneno ya wimbo yanataja kutaka kuona zaidi. Neno na nguo vimefika sekunde moja. Na kama mshonaji nakuomba ufikirie sketi ile ilivyotengenezwa: ni lazima ishikiliwe kwa ukanda wa kunata, si kwa zipu wala vifungo, iwe imara ya kutosha kuchezewa na dhaifu ya kutosha kuchomoka kwa mvuto mmoja, na chini yake kuwe na sketi ya pili isiyovimba. Kitendo cha sekunde moja kimebeba mazoezi mengi mno.

Aliona Moon wa Moldova, Malmö 2013, alivaa gauni ambalo lenyewe lilikuwa jukwaa: alikuwa anainuliwa juu, gauni likirefuka chini yake, na picha zikimulikwa juu ya kitambaa. Hapo mpaka kati ya maleba na skrini umefutika, na jedwali lako litakulazimisha uandike jambo lilelile katika safu mbili. Liandike. Safu zinapogongana ndipo penye cha kusema.

Sura nayo ni maleba. Lordi wa Ufini walishinda Athens mwaka 2006 kwa pointi 292, ushindi wa kwanza wa nchi yao, wakiwa wamejifunika nyuso kwa vinyago vya mazimwi. Kinyago kinaondoa nyusi na mashavu, yaani vile vitu ambavyo kamera ya karibu huvitegemea. Kwa hiyo mwimbaji aliigiza kwa shingo, mabega, na mabawa yaliyofunguka mgongoni. Conchita Wurst wa Austria, Copenhagen 2014, alifanya kinyume: gauni refu la dhahabu la kubana, nywele ndefu, na ndevu. Uso wake haukufichwa hata kidogo, na uso huo ndio uliobeba hoja. Alisimama karibu pale pale wimbo mzima, mabawa ya moto yakifunguka kwenye skrini nyuma yake. Nguo ya kubana namna ile hairuhusu hatua kubwa, na hilo limefaa, kwa kuwa jicho halina pengine pa kwenda.

Sasa Käärijä, Liverpool 2023, maana nadhani ndiyo maleba bora niliyoyaona katika shindano hili. Ufini ilishika nafasi ya pili, lakini kura za watazamaji zilimpa pointi 376, dhidi ya 243 za Loreen aliyeshinda kwa msaada wa majaji. Alivaa kikoti kifupi cha kijani kinachowaka, kifua wazi, mikono ya kikoti imevimba kama maboya mawili, suruali nyeusi yenye miiba. Tazama ushonaji: ukubwa wote umewekwa mabegani na mikononi. Kiwiliwili hakina kitu. Maana yake ni kwamba akinyoosha mkono, aliye safu ya mwisho anauona, na kijani kile kinamtenganisha na kila kilichoko jukwaani. Wimbo unaanza kwa muziki mzito na kijana anayejikaza, akitaka kusahau uchovu wa wiki. Kadiri kinywaji kinavyoingia, muziki unalegea na kuwa wa kucheza. Anaanza ndani ya kreti la mbao, anavunja kutoka, kisha wanakuja wacheza dansi wa rangi ya waridi. Mwanzoni waridi na kijani havikupatana machoni pangu. Ndiyo shabaha: ulimwengu wa pili umeingia. Na yote yalikuwa kwa Kifini, lugha ambayo wengi ukumbini hawakujua hata neno moja, isipokuwa yale matatu ya kibwagizo ambayo yana jina la dansi inayojulikana kila mahali. Walipiga kelele "cha cha cha" hata wakati kura za majaji zilipokuwa zinatangazwa.

Mwisho wa upande wa nguo, uliza imetoka wapi na nani ana haki nayo. Kalush Orchestra wa Ukraini, washindi wa Turin 2022, walichanganya nakshi na mavazi ya Wahutsul wa milimani na kofia ya waridi ya kijana wa mtaani. Wimbo wao nao unachanganya rap na filimbi za asili, kwa hiyo nguo imefuata muziki. Netta wa Israeli, aliyeshinda Lisbon 2018, alivaa kimono na kuweka nyuma yake rafu za wale paka wa bahati wa Kijapani, na wapo waliolalamika kwamba ameazima utamaduni wa watu kama pambo. Hulazimiki kutoa hukumu katika kila uchambuzi. Unalazimika kuliona swali na kuonyesha ushahidi wa pande zote mbili.

Lugha

Kwanza tarehe. Kuanzia 1966 nchi zilitakiwa kuimba kwa lugha zao. Sharti likaondolewa 1973, na ndivyo ABBA walivyoweza kushinda Brighton 1974 kwa Kiingereza wakiwakilisha Uswidi. Likarudi 1977, likaondolewa tena 1999. Basi ukiandika kwamba Mfaransa wa mwaka 1985 "alichagua" Kifaransa kwa kujivunia lugha yake, umekosea; hakuwa na hiari. Mfaransa wa 2021 alikuwa nayo. Tarehe ndiyo inayokwambia kama lugha ni uamuzi.

Hata ndani ya sharti kulikuwa na vita. Mwaka 1968 Joan Manuel Serrat alitaka kuiimbia Hispania kwa Kikatalani, wakati wa utawala wa dikteta Franco. Akaondolewa, nafasi ikachukuliwa na Massiel, aliyeimba kwa Kihispania na kushinda London kwa pointi moja tu. Kibwagizo cha wimbo ule ni silabi moja ikirudiwarudiwa. Kila ninapousikia nafikiria lugha iliyokataliwa ikiwa imekaa nyuma ya silabi isiyo na lugha.

Baada ya 1999 tafuta mahali lugha inapobadilika. Jamala wa Ukraini alishinda Stockholm 2016 kwa "1944", wimbo wa kufukuzwa kwa Watatari wa Krimea chini ya Stalin, yaliyomkuta mama wa bibi yake. Beti ni za Kiingereza. Kibwagizo ni Kitatari cha Krimea. Kiingereza kinausimulia ulimwengu, na lugha ya nyumbani inaachiwa kilio. Maneno ya kibwagizo yanasema, kwa tafsiri yangu, sikuushiba ujana wangu, sikuishi katika nchi hii. Vitenzi vyote viwili katika lugha ile vinamalizika kwa sauti ileile ya kukanusha, na katika Kiswahili kanusho hilo linakuja mwanzoni: siku-, siku-. Asiyejua maana anasikia mlio uleule ukigongwa mara mbili kama mlango. Usitegemee tafsiri moja ya mtandaoni. Chukua mbili au tatu, zilinganishe, utafute neno kwa neno kibwagizo peke yake. Beti unaweza kuzisoma kwa jumla.

Lugha ya kubuni nayo ni lugha. Urban Trad wa Ubelgiji waliimba "Sanomi" mwaka 2003 kwa maneno yasiyo ya nchi yoyote, wakakosa ushindi kwa pointi mbili. Kwa nchi yenye wasemaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa ndani yake, kuacha lugha zote mbili kunasema kitu. Na lahaja pia isikupite: KAJ walioiimbia Uswidi Basel 2025, wakamaliza wa nne, ni watu wa Ufini wanaoimba kwa lahaja ya Kiswidi ya kwao, Vörå, wakiwa na kibanda cha sauna jukwaani. Uswidi haikuwa imepeleka wimbo wa Kiswidi tangu 1998. Kilichorudisha lugha ile ni lahaja ya nje ya mipaka yake.

Narudi Düsseldorf. "Haba na haba hujaza kibaba." Wimbo uliidondosha "na", ukarudia "haba haba" kama ngoma, ukaweka "hujaza kibaba" mwishoni. Beti zilikuwa za Kiingereza, zikimtaja bibi na wasia wake. Kwa asiyejua Kiswahili, haba haba ni mdundo: h nyepesi, b mbili zinazopiga midomo, irabu pana. Kwa anayejua, sauti hiyo ni picha ya maana yenyewe, maana haba moja haijazi kitu. Ni kurudia ndiko kunakojaza. Takriri imefanya methali. Na kibaba ni kipimo kidogo, robo ya pishi, kwa hiyo hata kinachojazwa si kikubwa. Sehemu hii ya utani na unyenyekevu haikuweza kuvuka kwenda ukumbini. Jukwaa liliimba sherehe, na methali yetu ni ya subira. Hapo ndimi zilibishana kidogo, na katika daftari langu nimeandika hivyo, ingawa nilikuwa na machozi.

Kuandika

Anza na ile sentensi ya mara ya kwanza, kile kilichobaki. Kisha toa dai moja ambalo mtu anaweza kulipinga, mfano: "Katika 'Voilà' kamera inatii maneno, na nguo inaisaidia kutii." Chukua sekunde tatu au nne kutoka kwenye jedwali kama ushahidi, usizidi hapo. Matokeo ya kura yaweke mbali na hukumu yako. Ujirani, siasa za mwaka ule na mpangilio wa kupanda jukwaani vyote vinaingia kwenye pointi. Tafuta pia onyesho la wimbo uleule katika mchujo wa nchi yake, ulinganishe. Kilichobadilishwa kati ya mchujo na fainali kilibadilishwa na mtu aliyeona tatizo, na mara nyingi ukilijua tatizo umeupata ufunguo.

Kwa zoezi la kwanza chukua Salvador Sobral wa Ureno, Kyiv 2017, aliyeshinda kwa pointi 758. Aliimba kwa Kireno kwenye kijukwaa cha duara katikati ya watazamaji, koti jeusi linalompwaya, bila mchezaji hata mmoja. Baada ya kutangazwa mshindi aliuimba tena wimbo uleule, na koti lilelile, akiwa na dada yake Luísa aliyeutunga. Chora majedwali mawili, moja kwa kila mara. Nguo haikubadilika, maneno hayakubadilika. Andika kila kilichobadilika, sekunde kwa sekunde, na safu ya "nadhani" iache tupu mpaka umalize.